Masahihisho

Baba yangu alifundisha fizikia kwa miaka 31 katika sekondari moja mkoani Kagera, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda ndege. Alizichora ubaoni tu. Mchoro ulikuwa uleule kila mwaka: mwili wa ndege kama sato, bawa moja, na mishale minne. Mmoja kwenda chini, uzito. Mmoja kwenda juu, mnyanyuo. Mmoja mbele, msukumo. Mmoja nyuma, ukinzani. Darasani majina hayo tuliyasema kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo mtihani ulivyotaka. Nyumbani aliyasema kwa Kiswahili, na mimi, ambaye tayari nilikuwa mtu wa maneno kuliko hesabu, niliyapenda kwa jinsi yalivyosikika kama majina ya ndugu wanne wasioelewana.

Nataka kuandika juu ya mishale hiyo minne, na juu ya siku ambayo Baba alilazimika kuikalia.

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Akawa hawezi kupanda ngazi za kanisani bila kusimama mara mbili. Daktari wa Bukoba alimpima, akasema moyo umechoka na kuna valvu inavuja, aende Dar es Salaam akaonwe na mabingwa. Akaongeza kwamba basi hapana. Zaidi ya kilomita 1,400, mtu amekaa miguu inaning'inia mchana na usiku, kwa hali ile hakukubali. "Mpandisheni ndege," alisema, kama vile anasema mpeni chai.

Kwetu neno hilo halikuwa jepesi. Watu wa Kagera tuna historia na safari. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumlilia. Mama akaapa kwamba hapandi tena meli, na hakupanda. Halafu ikaja Jumapili ya Novemba 6, 2022. Ndege iliyotoka Dar kupitia Mwanza iliangukia ziwani asubuhi, hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Wavuvi walifika na mitumbwi yao kabla ya waokoaji wengine. Watu 19 hawakutoka wazima. Mama alikuwa ametoka misa siku hiyo, na aliporudi nyumbani alinipigia simu Dar, akasema kitu kimoja tu: "Wewe utakuja kwa basi." Sikubisha. Nikwambie ukweli, msomaji, nilifurahi kupata amri hiyo, maana mimi mwenyewe ndege nilikuwa naiogopa tangu zamani na sikutaka kukiri.

Kwa hiyo nilikwenda kumchukua Baba kwa basi, siku nzima na usiku, ili nikamrudishe kwa ndege. Ukiona kichekesho hapo, sisi hatukukiona.

Usiku wa kuamkia safari tulikaa sebuleni: Baba, Mama, shangazi na mimi. Mama alikuwa na hoja moja, na ilikuwa hoja nzuri. "Basi likiharibika, mnashuka, mnakaa chini ya mti mnasubiri fundi. Hiyo ndege ikiharibika, mnashukia wapi?" Shangazi akaitikia kwa mguno mrefu wa kukubali.

Baba akaomba karatasi. Nilimpa bahasha ya hospitali, akaigeuza, akachora sato wake. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo lakini mishale ilinyooka.

Akamweleza Mama, taratibu, kwa sauti ya darasani. Uzito uko palepale, haupumziki. Mnyanyuo unatoka kwenye bawa, lakini bawa halifanyi kazi likiwa limesimama. Lazima hewa ipite juu yake na chini yake kwa kasi. Kasi hiyo inaletwa na injini, ndiyo msukumo. Na hewa nayo haipendi kupasuliwa, inavuta nyuma, ndiyo ukinzani. "Sasa injini ikizima," akasema, "nini kimeondoka hapa?" Akafuta mshale wa mbele kwa kidole, wino ukachafuka. "Msukumo peke yake. Mnyanyuo bado upo, kwa sababu ndege bado inakwenda. Itainamisha pua kidogo, ianze kuteremka kama baiskeli isiyopigwa pedali mlimani. Inatoa urefu, inapata mwendo. Haianguki kama jiwe, mama."

Akampa na mfano, alikuwa ameusoma kwenye simu. Agosti 2001, ndege kubwa aina ya Airbus A330, ikitoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki kwa sababu ya bomba lililovuja. Injini zote mbili zikazima. Ikateleza hewani bila injini kama kilomita 120, karibu dakika 19, ikatua kwenye kisiwa kimoja cha Azores. Watu 306, wote wakatoka hai.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ukali, "Na hii yetu ya hapa ziwani?"

Baba akakaa kimya. Nilimwona akitafuta jibu la kitabuni na kuliacha. "Ukiwa karibu na chini," akasema hatimaye, "huna urefu wa kutoa. Fizikia haikumwahidi mtu kwamba atafika. Inakwambia tu kinachokubeba ni nini."

Nilidhani jibu hilo limeharibu kila kitu. Kumbe ndilo lililomlainisha Mama. Aliniuliza, "Daktari alisema basi linaweza kumuua?" Nikasema ndiyo, alisema linaweza. "Basi tusali," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Mimi sikulala. Si kwa sababu ya ndege tu. Ule mchoro ulikuwa umenirudisha mahali ambapo sikuwa nimepakanyaga miaka 25.

Nilikuwa Kidato cha Pili, mwaka 1998, na mwalimu wangu wa fizikia alikuwa Baba. Siku hiyo alifundisha mnyanyuo. Alieleza kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vingi enzi zile, na vingine mpaka leo: bawa limebinuka juu na limenyooka chini. Hewa inapofika mbele ya bawa inagawanyika, nyingine inapita juu, nyingine chini. Njia ya juu ni ndefu zaidi. Kwa hiyo hewa ya juu inalazimika kukimbia ili ifike nyuma ya bawa kwa wakati mmoja na mwenzake. Hewa inayokimbia ina kanieneo ndogo, basi bawa linavutwa juu. Kwisha. Andikeni.

Jamani, mimi nilipenda sana maelezo yale. Hewa mbili zinaagana mbele ya bawa, kila moja inashika njia yake, ya juu inakimbia mbio kwa sababu njia yake ni ndefu na imeahidi kufika, halafu zinakutana tena nyuma. Hiyo haikuwa fizikia. Hiyo ilikuwa riwaya! Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimeona, kwenye mkanda wa video kwa jirani, ndege za maonyesho zikiruka kichwa chini. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikauliza: kama ndege inanyanyuliwa na mbinuko wa juu, ikigeuzwa kichwa chini mbona haivutwi kwenda ardhini?

Darasa likacheka, unajua wanafunzi. Baba aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Kaa chini."

Nilikaa. Hakuna kilichosemwa tena, darasani wala nyumbani. Kidato cha Tatu niliacha fizikia, na Kidato cha Tano nikaenda HKL, na yeye ambaye alikuwa ameshaniona kichwani mwake nikiwa PCM hakuongea nami kwa wiki mbili isipokuwa kwa mambo ya chakula na mbuzi. Nikawa mtu wa fasihi. Nimeishi kwa vitabu na sijutii. Ila kwa miaka mingi nilipoulizwa kwa nini niliacha sayansi nilisema sikuwa na kichwa chake, na huo ulikuwa uongo. Niliacha kwa sababu niliambiwa nikae chini.

Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, ziwa pembeni. Ndege ilikuwa ya mapangaboi mawili, bawa liko juu ya mwili, kwa hiyo ukikaa dirishani unaliona bawa kwa chini na gurudumu likining'inia kwenye injini. Baba alidai dirisha. Nilimfunga mkanda, akanisukuma mkono, akaufunga mwenyewe.

Mapangaboi yalipoanza kuzunguka alinyoosha kidole. "Msukumo." Ndege ilipogeuka kuelekea mwanzo wa njia alinyoosha tena, kwenye vibao vinavyoshuka nyuma ya bawa. "Vile vinaongeza mnyanyuo wakati mwendo ni mdogo. Na vinaongeza ukinzani. Hakuna cha bure." Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na abiria wa mbele alikuwa ameshageuka mara moja kuniangalia.

Tukakimbia. Sauti ikajaa. Halafu mtikisiko wa magurudumu ukakatika ghafla, kama mtu aliyekuwa anakwaruza bati ameacha, na ziwa likawa chini yetu. Gurudumu likakunjwa, likaingia ndani ya injini, mlango wake ukafunga. Baba alitazama hilo kwa uso wa mtoto. Hakuliangalia ziwa. Mimi niliangalia ziwa tu, nikawa nafikiri wale 43, na wavuvi, na jinsi maji yalivyokuwa karibu.

"Umeogopa," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Sawa. Toa mkono." Nikadhani anataka kuushika. Kumbe alitaka kuufundishia. Aliulaza kiganja chini, akauinamisha kidogo, vidole juu. "Unakumbuka pikapu ya parokia?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kama saba, tumepanda nyuma ya pikapu tukienda kwenye mazishi, na Baba aliniambia nitoe mkono pembeni kwenye upepo. Ukiulaza bapa, upepo unapita. Ukiinua vidole kidogo, mkono unapanda wenyewe, bila kutaka. Ukizidisha kuinua, hauendi juu tena, unasukumwa nyuma na kutapatapa.

"Bawa ndilo hilo," akasema. "Linaisukuma hewa chini, hewa inalisukuma bawa juu. Newton aliliandika mwaka 1687, tendo na mjibizo wake. Ndege kichwa chini inainua pua yake zaidi upande wa mbingu, inaendelea kusukuma hewa chini, basi. Mbinuko unasaidia, lakini si wenyewe unaobeba. Na ile habari ya hewa mbili kukutana nyuma ya bawa..." Akatikisa kichwa. "Hazikutani. Wamepuliza moshi kwenye bawa wakapiga picha. Hewa ya juu kweli inakimbia, tena inakimbia kuliko tulivyosema, inafika nyuma kabla ya mwenzake. Haimsubiri. Hawaonani tena."

Sikujua niseme nini. Chini yetu ziwa lilikuwa limeshakuwa tambarare na la fedha, bila mwisho.

"Lile swali lako la Kidato cha Pili," akasema, sasa akitazama nje, "mimi sikuwa na jibu. Kitabu hakikuwa nalo. Nilitafuta. Nilipostaafu na kupata hii simu ndiyo nikaona. Siku nyingi tu. Nilikuwa sijafanya masahihisho."

Kama umesoma shule zetu unalijua neno hilo. Ukikosa swali, mwalimu anaweka kosa kwa wino mwekundu, na wewe huruhusiwi kuendelea na zoezi jipya mpaka uandike upya chini yake, kwa usahihi, uonyeshe njia. Masahihisho si kuomba radhi. Hayafuti kosa, linabaki pale juu na alama yake nyekundu. Yanakaa chini yake tu. Baba hakuwahi kuniomba radhi kwa jambo lolote maishani na hata siku ile hakuniomba. Alifanya masahihisho.

Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaendelea na somo. Akanionyesha ile bahasha, alikuwa amepiga hesabu nyuma ya mchoro. Ndege kama ile ikijaa inafika kama tani 29. Mabawa yake yana eneo la mita za mraba 63 hivi. Gawanya: kila mita ya mraba ya bawa inabeba kama kilo 460. Nikasema ni nyingi. Akasema si nyingi. Hewa hii tunayoiona tupu inakandamiza kila mita ya mraba ya kila kitu kwa uzito wa karibu tani 10, juu na chini sawasawa, ndiyo maana hatuhisi. Ili ndege ielee, tofauti ya juu na chini ya bawa inahitaji kuwa kama sehemu moja tu ya ishirini ya hiyo. "Haishikiliwi na muujiza," akasema. "Inashikiliwa na tofauti ndogo."

Nimeisoma historia yake baadaye, kwa namna ya watu wa fasihi, yaani bila mpangilio, na nimeona kwamba karibu yote ni masahihisho. Kwa karne nyingi watu walitaka kuruka kwa kumwiga ndege wa porini, kupiga mabawa, na ndege huyo anatumia bawa hilohilo kujinyanyua na kujisukuma. Mwaka 1799 Mwingereza George Cayley alichonga kwenye kisahani cha fedha mistari michache inayoonyesha kani zinazolikuta bawa lililotulia, na upande wa pili akachora chombo chenye bawa lisilopiga. Kazi ya kunyanyua akaitenga na kazi ya kusukuma. Kisahani hicho ni kidogo, kinatosha kiganjani, na mchoro wa Baba ubaoni ni mtoto wake. Miaka mia moja baadaye ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walitengeneza bawa kwa kufuata namba walizozikuta vitabuni, wakashangaa linabeba pungufu ya ilivyoandikwa. Namba moja iliyorithiwa tangu karne ya 18 ilikuwa kubwa kuliko ukweli, na wakubwa waliokuja nyuma yake waliinakili tu. Mwaka 1901 wakajenga sanduku la mbao, wakalitia feni, wakajaribu ndani yake vijibawa kama mia mbili. Desemba 17, 1903 waliruka. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12 na haikufika mita 40. Ni safari fupi mno, ungesema, lakini ilikuwa imetosha.

Mimi nilichokiona humo ni kwamba ndege wetu hawakusubiri tuwaeleze vizuri ndipo waruke. Miaka yote Baba alipofundisha ile riwaya ya hewa mbili, ndege ziliruka salama juu ya paa la darasa lake. Maelezo yalikuwa na kosa, bawa halikuwa na kosa. Nadhani na mapenzi ya baba wa namna yake ni hivyo. Yalinibeba muda wote huo na mimi nikiwa nimeshika maelezo yasiyo sahihi.

Tulipokuwa juu kabisa, kelele zimetulia, aliniuliza swali. Hakuwa ananitania, aliuliza kwa uso wa mtihani. "Sasa hivi ndege inakwenda mwendo uleule, urefu uleule. Mnyanyuo umelingana na uzito. Msukumo umelingana na ukinzani. Jumlisha zote, jibu ni sifuri. Kama jibu ni sifuri, kwa nini tunaendelea kwenda?"

Nikasema sijui. Akasema, "Kafikirie," akalala mpaka Mwanza.

Dar walimpima, wakampa dawa, wakambadilishia, wakamlaza siku 11. Hawakumpasua. Walisema moyo wa umri ule waangalie kwanza kwa dawa. Miguu ikapungua. Baada ya miezi miwili nyumbani kwangu, akilalamikia joto na bei ya ndizi, alitaka kurudi, na Mama, ambaye alikuja kumchukua, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake huku amefumba macho kuanzia kwenye ngazi. Niliwasindikiza uwanjani. Niliangalia ndege yao mpaka ikawa nukta, nikagundua kwamba bila kujua nilikuwa nimeinua kiganja changu kidogo, vidole juu.

Walipotua alinipigia. Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu na Mama akimshukuru Mungu kwa sauti nyuma yake.

"Baba," nikamwambia, "nimepata lile jibu."

"Lipi?"

"La sifuri. Kwa nini tunaendelea kwenda." Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, sijui kwa nini nilisimama. "Kitu kinachokwenda hakihitaji sababu ya kuendelea. Kinahitaji sababu ya kusimama. Kani zikilingana, hakuna wa kukisimamisha, basi kinaendelea kama kilivyokuwa."

Akakaa kimya kidogo, ule ukimya wake wa kusahihisha.

"Sahihi," akasema. "Kaa chini."